Kabla ya kununua hisa za kiwanda kipya, uliza mkataba wa ujenzi

KAMPUNI inapotangaza kwamba inajenga kiwanda kipya, jambo la kwanza linaloandikwa magazetini ni thamani ya mradi, la pili ni idadi ya ajira, na la tatu ni tarehe ambayo mheshimiwa atakuja kukata utepe. Bei ya hisa husogea juu kidogo, madalali wa soko la hisa hupigiwa simu, na mwenye vijisenti vyake huanza kupiga hesabu ya gawio la miaka mitatu ijayo. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mkandarasi amepewa kazi hiyo kwa mkataba wa aina gani.

Swali hilo linaonekana kama la mainjinia na wanasheria. Hata hivyo, ukifuatilia miradi mikubwa ya viwanda na umeme iliyokwama au kupanda gharama katika miaka 20 iliyopita, utakuta kwamba mara nyingi fedha za wenye hisa zilianza kupotea siku mkataba ulipotiwa saini, kabla tingatinga la kwanza halijawashwa. Na neno lililowalaza usingizi wengi wao ni moja: bei isiyobadilika.

MASHINE YA BABA MDOGO

Jambo hili nililiona kwa macho nyumbani kwetu Morogoro. Baba yangu mdogo alikuwa amefanya biashara ya mpunga kwa miaka mingi, akaamua kuweka mashine yake ya kukoboa na kupanga mchele kwa madaraja. Alitaka kubana matumizi. Mashine aliinunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam, jengo na msingi wa zege akampa fundi wa mtaani aliyemfahamu, na kazi ya umeme akampa mtu wa tatu. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya biashara mwaka huo huo, na nilimpongeza kwa kupata bei nafuu katika kila kipande.

Mashine ilipofika, matundu yake hayakulingana na bolti zilizokwisha kuzamishwa kwenye zege. Fundi wa zege alisema alifuata mchoro aliopewa. Muuzaji alisema mchoro ule ulikuwa wa toleo la zamani, na kwamba aliwahi kulieleza hilo kwa simu. Fundi umeme, ambaye hakuwa na kosa lolote, alidai malipo ya siku alizokaa bure. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amevunja makubaliano yake. Zege lilivunjwa kwa nyundo, likamwagwa upya, na msimu wa mpunga ukapita huku riba ya benki ikihesabiwa kila mwezi. Baba mdogo aliibeba hasara hiyo peke yake, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyekuwa na makubaliano na wote watatu.

Kiwanda cha saruji au mtambo wa umeme wa mabilioni ya dola hauna tofauti kubwa na mashine ile. Tatizo huanzia kwenye maungio, pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanzia. Swali la mkataba ni swali la nani anayamiliki maungio hayo.

NANI ABEBE NINI

Njia ya kale ni mwenye mradi kumwajiri mhandisi mshauri achore kila kitu, kisha zabuni itangazwe na mkandarasi ajenge kama alivyochorewa. Bei zinalinganishwa vizuri kwa kuwa wazabuni wote wanasoma mchoro mmoja. Kasoro yake ni kwamba inachukua muda, na mchoro ukiwa na kosa, gharama inarudi kwa mwenye mradi.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa na mabenki. Kampuni moja inasanifu, inanunua mitambo, inajenga, inaijaribu na kumkabidhi mwenye mradi funguo mkononi. Wengi wanaifahamu kwa herufi tatu, EPC. Kwa kawaida bei huwa ya jumla na isiyobadilika. Bolti zisipolingana na mashine, hilo ni tatizo la mkandarasi. Lakini mkandarasi naye si mtoto. Kila hofu anayobebeshwa huiwekea bei, na mwenye mradi huilipia hata kama jambo lililohofiwa halikutokea.

Njia ya tatu ni mwenye mradi kuajiri kampuni ya wahandisi isanifu na kusimamia kwa niaba yake, huku mikataba ya mitambo na ujenzi ikitiwa saini kwa jina lake mwenyewe na gharama zikilipwa kadiri zinavyotokea. Hapa hakuna bei ya hofu, lakini hakuna dari pia. Kiwanda cha Dangote cha kusafisha mafuta huko Lekki, Nigeria, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilijengwa kwa mtindo wa aina hiyo, kampuni ya Engineers India Limited ikiwa mshauri na msimamizi. Makadirio ya awali yalikuwa kama dola bilioni 9. Kilipoanza kuzalisha Januari 2024, gharama ilikuwa ikitajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 19. Alhaji Aliko Dangote alikuwa na mfuko wa kuhimili hilo. Kampuni nyingi za ukanda wetu hazina.

Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lilitoa mwaka 1999 vitabu vya mikataba vinavyotofautishwa kwa rangi, na toleo jipya likafuata mwaka 2017. Kitabu Chekundu ni cha mwenye mradi anayeleta mchoro wake, cha Njano ni cha mkandarasi anayesanifu mwenyewe, na cha Fedha ni cha funguo mkononi, ambapo hata ardhi ikikutwa na mwamba usiotarajiwa, mzigo kwa kawaida ni wa mkandarasi. Mwekezaji akisikia rangi ya kitabu tu, tayari amejua mambo mengi.

BEI ISIYOBADILIKA ILIPOBADILIKA

Sasa tutoke kidogo Afrika Mashariki, kwa sababu kisa kinachomfundisha mwenye hisa kuliko vyote ninavyovifahamu kilitokea Marekani, katika kijiji cha Jenkinsville, jimbo la South Carolina.

Mei 2008, kampuni ya umeme ya jimbo hilo, SCE&G, pamoja na shirika la umma la Santee Cooper, zilitia saini mkataba wa kujengewa mitambo miwili ya nyuklia katika kituo cha V.C. Summer. SCE&G ilikuwa na asilimia 55 ya mradi na Santee Cooper asilimia 45. Mkandarasi alikuwa Westinghouse, kampuni iliyomilikiwa na Toshiba ya Japan, akiwa na mshirika wake wa ujenzi. Kampuni mama ya SCE&G iliitwa SCANA, na hisa zake ziliuzwa katika soko la New York. Hizi ni hisa ambazo wastaafu wa Marekani hupenda kuziweka kabatini: kampuni ya umeme, wateja hawana pa kukimbilia, gawio linakuja kila robo mwaka.

Ujenzi ulichelewa tangu mapema. Usanifu wa kina haukuwa umekamilika wakati kazi inaanza. Vipande vikubwa vya mitambo vilikuwa vikiundwa katika karakana ya Lake Charles, jimbo la Louisiana, ili vije kuunganishwa kama vitanda vya kununua dukani, lakini vilichelewa na vingine vilikuja na kasoro. Gharama zikapanda, na wenye mradi na mkandarasi wakaanza kubishana nani alipe.

Oktoba 2015 ikapatikana suluhu iliyoonekana kuwa ya busara. Westinghouse ingemnunua mshirika wake na kubaki peke yake, na wenye mradi wangekuwa na haki ya kuchagua bei isiyobadilika kwa kazi iliyobaki, kwa kulipa nyongeza. SCE&G ilichagua hivyo, na Novemba 2016 mamlaka ya udhibiti ya jimbo ikaidhinisha. Mwanahisa aliyesoma habari hiyo bila shaka alishusha pumzi. Kuanzia hapo kila dola itakayozidi ni ya Westinghouse.

Miezi minne baadaye, tarehe 29 Machi 2017, Westinghouse iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Bei ile ile isiyobadilika, katika Summer na katika mradi pacha wa Vogtle jimbo la Georgia, ilikuwa sehemu kubwa ya kilichoiangusha. Sheria ya Marekani inairuhusu kampuni iliyo katika hali hiyo kuikataa mikataba inayoibebesha hasara, kwa hiyo dari ya gharama ikatoweka. Tarehe 31 Julai 2017 wenye mradi walitangaza kuacha kabisa, baada ya kuzika kama dola bilioni 9 katika mitambo ambayo haikuwasha taa hata moja.

Kilichookoa sehemu ya fedha hizo ni karatasi ambayo hakuna aliyeisema wakati wa sherehe za kuweka jiwe la msingi: dhamana ya kampuni mama. Toshiba ilikuwa imeahidi kwa maandishi kubeba deni la mtoto wake, na kwa mradi wa Summer ikakubali kulipa karibu dola bilioni 2.2. Kwa Vogtle ilikubali dola bilioni 3.68. Wenye mradi wa Georgia waliamua kuendelea, wakaikabidhi kampuni ya Bechtel ujenzi kwa malipo ya gharama halisi, na mitambo yao ikaanza kazi ya kibiashara Julai 2023 na Aprili 2024. Mradi uliokadiriwa dola bilioni 14 ulimalizika kwa zaidi ya bilioni 30.

Na wenye hisa wa SCANA? Katikati ya 2018 gawio lilikatwa kwa asilimia kama 80, baada ya watunga sheria kuagiza wateja wapunguziwe ankara za umeme. Mstaafu aliyezoea dola 100 kila robo mwaka alipokea 20. Januari 2019 kampuni ikamezwa na Dominion Energy ya Virginia, na jina SCANA likatoka sokoni.

Kuna jambo moja katika kisa hiki linaloniudhi kila ninapolisoma. Mwaka 2015 wenye mradi waliwaita wahandisi wa Bechtel wautazame, na ripoti yao ya Februari 2016 ilisema ratiba haitekelezeki na kwamba usanifu ulikuwa bado haujakamilika. Ripoti hiyo haikuwekwa hadharani hadi mradi ulipokwisha kufa. Aliyekuwa mkuu wa SCANA, Kevin Marsh, alikiri makosa ya ulaghai mwaka 2021 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 2. Mwanahisa wa kawaida alikuwa amenunua hisa akiwa na taarifa pungufu kuliko za mhandisi aliyepita pale kwa wiki chache.

SI MAREKANI PEKE YAKE

Finland nayo ilijaribu dawa hiyo. Desemba 2003 kampuni ya TVO ilitia saini na Areva ya Ufaransa pamoja na Siemens ya Ujerumani mkataba wa funguo mkononi wa mtambo wa Olkiluoto 3, kwa bei ya jumla ya takriban yuro bilioni 3, uanze kazi mwaka 2009. Uzalishaji wa kawaida ulianza Aprili 2023. Pande zote mbili zilipelekana kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Machi 2018 zikamalizana kwa TVO kulipwa yuro milioni 450. Fedha nyingi, lakini zitazame kando ya miaka 14 ya kungoja. Areva yenyewe ilitangaza hasara ya yuro bilioni 4.8 kwa mwaka 2014 pekee, na biashara yake ya vinu ikauzwa kwa EDF mwishoni mwa 2017.

Isidhaniwe kwamba makala hii inaipiga vita EPC. Katika kituo cha gesi cha Sabine Pass, Louisiana, kampuni ya Cheniere iliwapa Bechtel mitambo sita, mmoja baada ya mwingine, kwa bei ya jumla na kwa usanifu unaofanana. Wa sita ulikamilika Februari 2022, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tarehe iliyodhaminiwa. Mkandarasi alikuwa anauza kitu alichokwisha kukijenga mara tano pale pale, mafundi wakiwa ni wale wale. Jenkinsville na Olkiluoto wakandarasi waliuza kwa bei ya mwisho kitu ambacho hawakuwa wamemaliza kukichora. Hiyo ndiyo tofauti, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko tofauti ya jina la mkataba.

TURKANA NA OLKARIA

Hapa kwetu mfano wa maungio uko kaskazini mwa Kenya. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una minara 365 ya Vestas yenye uwezo wa megawati 310. Wawekezaji binafsi walisimamisha minara na kukarabati barabara ya zaidi ya kilomita 200 ili kuifikisha huko. Njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali kupitia shirika la Ketraco, ambalo lilimpa kazi mkandarasi wa Kihispania, Isolux Corsán.

Mnara wa mwisho ulisimikwa mwaka 2017. Mwaka huo huo Isolux ikafilisika. Upepo ulivuma, mapanga yalikuwa tayari, nguzo za kupeleka umeme hazikuwepo. Mkataba wa kuuza umeme ulikuwa umeeleza wazi kwamba njia ikichelewa, mwenye minara alipwe, na Kenya ikajikuta ikidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Wachina walimalizia njia hiyo na umeme ukaanza kupita Septemba 2018. Wawekezaji wa Turkana hawakuwa na ujanja wa ajabu. Walijua maungio yako wapi, wakaandika mapema nani atalipa yakikatika.

Kinyume chake ni KenGen, ambayo wafanyabiashara wengi wanaikumbuka kwa mauzo ya hisa ya mwaka 2006, zilipouzwa kwa shilingi 11.90 za Kenya na watu wakapanga foleni. Katika mradi wa jotoardhi wa Olkaria wa megawati 280, uliokamilika kati ya 2014 na 2015, KenGen haikumpa mtu mmoja kila kitu. Visima vilichimbwa kwanza kwa gharama na hatari ya mwenye mradi, kwa sababu hakuna mkandarasi mwenye akili timamu atakayekupa bei ya jumla ya mvuke ulio chini ya ardhi bila kujaza hofu tele ndani yake. Mvuke ulipokwisha kupimwa ndipo mitambo ya umeme ikatolewa kwa Hyundai Engineering na Toyota Tsusho, na mabomba ya mvuke kwa Sinopec. Mwenye mradi alibaki na maungio, lakini alikuwa na wahandisi wake waliozoea Olkaria kwa miongo mitatu. Kampuni isiyo na watu wa namna hiyo ikiiga mtindo huo itakuwa kama baba mdogo.

RUFIJI

Na nyumbani. Mkataba wa bwawa la Julius Nyerere ulitiwa saini Desemba 12, 2018 kati ya Tanesco na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa shilingi trilioni 6.5, megawati 2,115 kutoka mitambo tisa. Ulikuwa mkataba wa kusanifu na kujenga kwa pamoja. Kazi ilitakiwa ikamilike Juni 2022. Ujazaji wa bwawa ulianza Desemba 22, 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika.

Miongoni mwa sababu za ucheleweshaji zilizotajwa na serikali mwaka 2021 ni kreni maalumu ya kushushia milango ya handaki la kuchepushia maji. Bila milango hiyo, maji ya mto yanaendelea kupita, na bwawa halijai. Katika mradi wa matrilioni, kilichosubiriwa ni kreni. Ndivyo miradi ya aina hii ilivyo, na ndiyo maana ratiba ya ununuzi wa mitambo ni habari kubwa kuliko picha za zege.

Rufiji haina hisa sokoni, lakini mfanyabiashara alikuwa na maslahi. Kipindi hicho nchi ilipita katika mgawo wa umeme, hadi mwanzoni mwa 2024. Fidia ya ucheleweshaji, pale inapodaiwa, hulipwa kwa mwenye mradi. Hailipwi kwa mwenye bucha wa Manzese aliyemwaga nyama wala kwa mwenye karakana aliyenunua dizeli ya jenereta. Hata mwenye mradi mwenyewe hapati yote: katika mikataba mingi fidia hiyo ina kikomo, mara nyingi karibu asilimia 10 ya bei. Kikishafikiwa, kila siku inayoongezeka ni hasara ya mwenye mradi.

CHA KUTAZAMA

Msomaji anayefikiria kuweka fedha katika kampuni inayojenga aanze na swali la usanifu. Umekamilika kwa kiasi gani siku bei ilipokubaliwa? Kampuni nyingi hazitasema zenyewe, lakini swali linaweza kuulizwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na jinsi mkurugenzi anavyolikwepa ni jibu pia. Kisha atazame mkandarasi ni nani na ana kazi ngapi nyingine kubwa kwa wakati mmoja. Bei ya chini mno kutoka kwa mzabuni mwenye njaa ni deni litakalorudi, aidha kama madai ya nyongeza au kama barua ya mfilisi.

Dhamana zitazamwe kwa makini. Dhamana ya benki ya utekelezaji wa kazi kwa kawaida hugharamia sehemu ndogo tu ya bei. Dhamana ya kampuni mama inaweza kuwa kubwa zaidi, ila ina thamani iwapo mama mwenyewe ana afya. Na kama mkandarasi amelipwa fedha nyingi za awali, ni benki gani inayodhamini kuwa zitarudi endapo ataondoka?

Kuna pia yale yaliyo nje ya uzio. Kiwanda kinaweza kukamilika kwa wakati huku njia ya umeme, maji, barabara au gati la bandari vikiwa mikononi mwa taasisi nyingine. Taarifa ya kampuni ikisema tu kwamba mamlaka husika zimeahidi, hayo ni maneno ya Turkana bila mkataba wa Turkana.

Halafu sarafu. Mitambo mingi inanunuliwa kwa dola au yuro na mkopo unakuwa wa sarafu hiyo hiyo, wakati saruji, sukari au unga vinauzwa kwa shilingi. Bei ya mkataba inaweza isibadilike hata senti moja katika dola, na bado ikabadilika sana katika vitabu vya kampuni yako.

Kwa anayesoma hesabu za mwaka, mstari wa kazi za ujenzi zinazoendelea ndio wa kuufuata. Ukiona unakua mwaka hadi mwaka huku tarehe ya kukabidhi ikisogezwa, soma maelezo ya nyuma kabisa ya taarifa, yale yenye herufi ndogo, utafute madai ya mkandarasi yanayobishaniwa. Huko ndiko habari hufichwa, kwa kuwa wengi huishia kwenye picha ya mwenyekiti.

Baba mdogo, kwa taarifa ya wanaojiuliza, aliongeza mashine ya pili miaka mitatu baadaye. Safari hii alimpa muuzaji mmoja kila kitu, kuanzia msingi hadi swichi, na alilipa zaidi ya jumla ya bei tatu alizozipata mara ya kwanza. Alikataa kutoa asilimia 15 ya mwisho mpaka mashine ikoboe magunia 200 mfululizo mbele yake bila kusimama. Muuzaji alinung'unika kwamba masharti hayo ni ya wazungu. Mashine ilisimama kwenye gunia la 60, kisha la 140, na fundi akarudi kutoka Dar es Salaam mara mbili kwa nauli ya muuzaji.